Ngozi Yetu Haiwi Nyekundu: Kuitunza Wakati wa Tiba ya Mionzi

Shangazi yangu alipoambiwa kwamba baada ya titi kuondolewa itabidi apigwe mionzi kifuani, ukoo mzima uliuliza mambo mawili: je, nywele zitanyonyoka? Na atafikia kwa nani Dar es Salaam muda wote huo? La pili halikuwa gumu, akatoka Songea akaja kukaa kwangu Mbagala. La kwanza nalo lina jibu fupi: mionzi hufanya kazi pale ilipoelekezwa, kwa hiyo anayepigwa kifuani hanyonyoki nywele za kichwani. Za kwapani ndizo zinaweza kupukutika. Swali la ngozi hakuna aliyeliuliza, na ndilo lililotushughulisha kuliko yote.

Mimi si daktari. Nimesoma kadiri nilivyoweza, nimewasumbua masista na watu wa mashine kwa maswali, na nimemwogesha shangazi kwa mikono yangu. Namwandikia mtu atakayekaa na mgonjwa nyumbani, maana kwenye mashine mgonjwa anakaa dakika chache tu. Saa zote zilizobaki ngozi ile iko mikononi mwake na mwa ndugu zake. Mateso mengi ya ngozi yanapunguzika kwa vitu vya bei ndogo, lakini ni lazima yawahiwe, na kwenye ngozi nyeusi huwezi kuwahi kama unasubiri kuona wekundu.

Ngozi ya juu hujijenga upya kwa muda wa wiki nne hivi. Seli mpya huzaliwa kwenye tabaka la chini, hupanda taratibu, hufa, kisha hupukutika bila sisi kujua. Mionzi, ikipita kuufuata uvimbe au mabaki yake, inaziumiza zile za chini zinazozaa. Za juu zinaendelea kupukutika kama kawaida, na za kuziba pengo hazitoshi. Ndiyo maana wiki ya kwanza mgonjwa hujiona mzima kabisa na kudhani yeye kasalimika. Mabadiliko huja wiki ya pili au ya tatu, yanazidi kadiri dozi inavyojilimbikiza, na kilele chake huja karibu na siku za mwisho za tiba au wiki moja mbili baada ya kumaliza. Hapo penye kilele nitaparudia, kwa sababu watu wengi wanakuwa wameshapanda basi kurudi kwao.

Wagonjwa walio wengi sana hupata mabadiliko ya ngozi ya aina fulani. Wengi huishia kwenye weusi, ukavu na kuwashwa. Wachache hufika mahali ngozi inababuka na kutoa majimaji. Walio hatarini zaidi ni wenye mikunjo mikubwa ya ngozi (chini ya titi, kwapani, kinenani), wanene, wavuta sigara, na wanaopewa dawa za saratani za mishipani sambamba na mionzi. Mashine nayo ina mchango wake. Mionzi ya mashine za kobalti, chuma kinachotoa mionzi chenyewe, hufikia nguvu yake kubwa nusu sentimita tu ndani ya mwili, wakati ile ya linaki, mashine zinazotengeneza mionzi kwa umeme na zinazotumika sana siku hizi, huifikia kwenye sentimita moja na nusu, kwa hiyo ngozi hupata nafuu. Ila aliyeondolewa titi mara nyingine huwekewa kifuani bamba laini linalofanana na ngozi kwa uzito, makusudi kabisa, ili dozi kamili ifike juu, kwa sababu saratani huweza kurudi kwenye ngozi yenyewe. Ukiona mgonjwa wako anawekewa bamba hilo, jua ngozi itapata shida zaidi, na jiandae mapema.

Kwamba mionzi huumiza ngozi lilijulikana mwanzoni kabisa. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Ufaransa, Henri Becquerel, alibeba kichupa cha radiamu, madini yanayotoa mionzi, kwenye mfuko wa kizibao akapata jeraha, na mwenzake Pierre Curie akajifunga radiamu mkononi kwa hiari yake ili aone itamfanya nini. Katika miaka ile, kabla hakujawa na vipimo vya dozi tunavyovijua leo, madaktari walikadiria kiasi cha mionzi kwa kutazama ngozi ya mgonjwa inavyoanza kuwa nyekundu. Ngozi iliyotumika kama kipimo ilikuwa ya Wazungu. Miaka zaidi ya mia imepita, na ngazi zinazotumika hospitalini kupima ukali wa madhara bado zinaanzia palepale: daraja la kwanza ni wekundu hafifu au ngozi kukauka na kubanduka magamba, la pili ni wekundu mkali zaidi, au kubabuka kwa majimaji sehemu sehemu, hasa kwenye mikunjo, la tatu ni majimaji kuenea nje ya mikunjo, na ngozi kutoa damu ikiguswa kidogo, la nne ni kidonda kirefu au nyama kufa.

Sasa mtafute huo wekundu hafifu kwenye ngozi ya mwanamke wa Kingoni aliyekomaa juani. Huuoni. Mwanzo wa shangazi ulikuja kwa namna nyingine. Jioni moja alilalamika kwamba kifua "kinakaza", kama nguo iliyofuliwa ikarudi. Nilimulika tochi ya simu kwa ubavuni, taa ya dari ikiwa imezimwa, kwa sababu mwanga unaotokea pembeni huonyesha mambo ambayo mwanga wa juu unayaficha. Eneo la mionzi lilikuwa limekolea weusi kuliko upande wa pili, lina mng'ao usio wa kawaida, na vitundu vya vinyweleo vilikuwa vimetuna kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Nikaweka mgongo wa kiganja upande huu, kisha upande ule. Upande wa mionzi ulikuwa na joto. Kwapani, kwenye mkunjo wenyewe, rangi ilikuwa inaelekea kwenye zambarau.

Hivyo ndivyo ngozi nyeusi inavyoanza: weusi kukolea, zambarau au kijivu, joto, kukaza, mng'ao, vijipele, kuwashwa. Anayetafuta wekundu atasema hakuna kitu, na mgonjwa mwenyewe, aliyelelewa kutolalamika, ataitikia kwamba hakuna kitu. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wagonjwa weusi hupata madhara makali ya ngozi zaidi ya wenzao, na kwamba wahudumu huyapima chini ya vile mgonjwa anavyoyahisi. Hili linaniuma. Mtu anaweza kukaa mbele ya mhudumu mwema, mwenye nia safi, na bado asionekane.

Tulichofanya sisi kilitoka kwa shangazi mwenyewe, mwalimu mstaafu ambaye hawezi kuishi bila daftari. Kila jioni aliandika mistari mitatu minne: rangi ikoje ikilinganishwa na upande mzima, joto lipo au halipo, kuwashwa na maumivu ni kiasi gani kati ya moja na kumi, na kama kuna mahali pamelowa. Siku ya kuonana na daktari alisoma daftari badala ya kuulizwa "unaendeleaje mama?" akajibu "nashukuru Mungu." Sista mmoja aliniambia maneno ninayoyarudia kwa kila mtu: mguse mgonjwa, usimtazame tu. Na mpige picha kwa simu kabla ya siku ya kwanza, ili mpate cha kulinganisha.

Kuhusu kuoga. Kwenye benchi la kusubiria utasikia kila aina ya ushauri, na ulioshika mizizi kuliko wote ni kwamba anayepigwa mionzi asiguse maji mahali pale mpaka amalize. Ushauri huu una historia yake. Zamani mgonjwa alichorwa alama za wino za kuelekezea mashine, zikifutika kazi inaanza upya, na pia watu waliogopa sabuni ingeongeza muwasho. Lakini jambo lenyewe lilipimwa. Huko Québec, Kanada, utafiti uliotoka mwaka 2001 uliwagawa wanawake wenye saratani ya titi makundi mawili, wengine waoge kwa maji na sabuni laini, wengine wasioge eneo lile. Ngozi ilibabuka kwa majimaji kwa asilimia 33 ya wasiooga, na asilimia 14 ya waliooga. Uingereza walikuwa wameshaona mwelekeo huohuo mwaka 1992. Jasho, mafuta ya jana na vijidudu vikikaa kwenye ngozi iliyodhoofika, unategemea nini? Na hilo ni Kanada, kwenye baridi. Fikiria Dar es Salaam mwezi wa pili, kwapa limefunikwa, umetoka kusimama kwenye daladala ya Mbagala.

Kwa hiyo oga, kila siku. Maji ya uvuguvugu au ya kawaida, yasiwe ya moto. Sabuni laini isiyo na marashi makali. Ile ya mche ya kufulia iache kwa nguo. Tumia kiganja. Dodoki, jiwe la kusugulia na taulo gumu vikae mbali na eneo hilo. Ukijikausha, gusagusa kwa kanga laini iliyozeeka, usisugue. Kama mmechorwa alama, waulizeni wenye mashine zimewekwaje na muoge bila kuzisugua. Deodoranti nazo zilipimwa kwa wanawake wenye saratani ya titi, na hazikuongeza madhara, mradi ngozi ya kwapa haijababuka. Kwa mwanamke anayebanana na watu kwenye daladala kila asubuhi, kumrudishia kitu kidogo hicho ni kumrudishia heshima.

Vijidudu nilivyovitaja hapo juu havikusemwa bure. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa New York, hospitali iliyoko Bronx, uliohusu wagonjwa 77. Nusu walipewa sabuni ya klorheksidini ya kuogea na marhamu ya mupirosini ya kupaka puani, vyote vya kuua bakteria wanaoishi kwenye ngozi na pua. Katika kundi hilo hakuna hata mmoja aliyefika kwenye kubabuka kwa majimaji. Kwenye kundi la kawaida walifika tisa. Ni utafiti mdogo, lakini dawa zake si za ajabu na si ghali. Ningependa kuona hospitali zetu zikiujaribu kwa wagonjwa wetu.

Tuje kwenye kupaka, ambako ndiko kwenye vurugu kubwa. Kila jirani ana mafuta yake. Mshubiri unatajwa na wote, na nauheshimu kwa mengine, lakini ulipopimwa kwa wagonjwa wa mionzi haukuzuia ngozi kuharibika. Asali, mafuta ya nazi, liwa, majani ya kusaga: sitamdharau bibi wa mtu, ila kitu kibichi kilichosagwa kwenye kinu hakiwekwi juu ya ngozi inayokaribia kupasuka. Kinachofaa kila siku ni losheni au krimu ya kawaida isiyo na marashi, mara mbili kwa siku, kuanzia siku ya kwanza ya tiba, kabla ngozi haijalalamika. Wengi huambiwa wasipake chochote saa kadhaa kabla ya mashine. Utafiti wa karibuni unaonyesha kwamba tabaka jembamba halibadilishi dozi, tatizo ni kupaka zito kama siagi kwenye mkate. Fuateni utaratibu wa kituo chenu. Sisi tulipaka tukirudi nyumbani na usiku, hatukuwahi kupata shida.

Krimu yenye ushahidi mzito kuliko zote za kuzuia ni ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kama mometasoni au betamethasoni, ikipakwa tangu mwanzo wa tiba mpaka baada ya kumaliza. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, iliipendekeza mwaka 2013 na imeirudia katika mwongozo wa 2023. Inapunguza muwasho, moto na ukali wa madhara. Lakini Tanzania, Kenya, Kongo, ukimwambia mama apake steroidi, anafikiria mkorogo. Hana kosa. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa mitaani zimechanganywa na steroidi kali, nyingine na zebaki, na sote tunawafahamu wanawake walioharibika nyuso. Kwa hiyo wapo wanaoikataa dawa wakidhani daktari anawachubua, na wapo wanaochukua tyubu ya mkorogo ya dada yao wakidhani ni kitu kilekile. Wote wawili wanaumia. Tofauti ni nguvu ya dawa, muda, na macho ya daktari: krimu hii hupakwa kidogo, eneo la mionzi tu, kwa wiki zinazojulikana, juu ya ngozi ambayo haijachanika wala haina maambukizi, na ikisemwa acha inaachwa. Shangazi alisita. Aliyemshawishi ni mfamasia kijana aliyemwamkia, akakaa naye, akamwonyesha kwa ncha ya kidole kiasi cha kutosha kifua kizima.

Kuna pia utando mwembamba wa silikoni unaobandikwa juu ya ngozi kabla haijaharibika na kukaa hapo siku kadhaa. Toronto waliupima kwa wanawake 376. Waliofikia daraja la pili au la tatu walikuwa asilimia 15.5 kwa waliobandikwa, na karibu asilimia 46 kwa wasiobandikwa. Ni tofauti kubwa mno. Kwetu huwezi kuukuta kwenye duka la dawa la mtaani, na bei yake haimfai mtu aliyeuza ng'ombe kupata nauli. Nautaja kwa sababu viongozi wa hospitali na wenye bima wanasoma blogu pia.

Mavazi nayapitia haraka kwa kuwa sisi tumebarikiwa. Dera la pamba lililolegea ni vazi zuri kuliko lolote. Sidiria yenye waya iwekwe kando mpaka ngozi ipone. Mkoba uhamie bega la pili. Aliyepigwa mionzi shingoni alegeze mtandio na achague kitambaa laini. Plasta zisigusane na eneo hilo. Barafu na chupa ya maji ya moto pia hapana. Na jua la mchana ni la kukwepa kwa kanga au mwavuli.

Pamoja na yote hayo, kwapa la shangazi lilibabuka. Lilianza kwenye mkunjo, sehemu isiyozidi ukubwa wa sarafu, nyama ya waridi imetokeza kwenye weusi, inatoa majimaji ya njano nyepesi yaliyokauka kwenye dera na kunata. Hapo mambo hubadilika. Krimu ya steroidi husimama mahali pale. Panasafishwa kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yamiminwe taratibu bila kusugua. Kisha bandeji isiyogandamana na kidonda, kama gozi yenye parafini au sponji ya silikoni, inayoshikiliwa kwa kitambaa au fulana laini na siyo plasta. Ikiganda, iloweshwe, isivutwe. Dawa ya maumivu inywewe kabla ya kusafisha. Unyevu ndio unaoponya ngozi ya namna hii, na hapa natofautiana na mazoea ya kupaka GV ile ya zambarau. Inakausha, inauma, inaficha rangi ya kidonda usione kinaendaje, na ilipolinganishwa huko Uingereza na haidrojeli, yaani jeli ya kidonda yenye maji mengi, jeli iliponya mapema zaidi. Krimu ya fedha, silva salfadiazini, ina nafasi yake, kwa agizo la daktari na ikasafishwa kabla ya kupanda meza ya mashine ya mionzi. Harufu mbaya, usaha, homa au maumivu yanayopanda ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Usiache tiba kimyakimya kwa sababu ya ngozi. Wapo wanaoona ngozi imeiva wakarudi zao kijijini, na saratani ikabaki na nafasi. Daktari anaweza kupumzisha siku chache, kubadili mpango, kuongeza dawa ya maumivu. Mgonjwa akipotea hawezi kumsaidia. Na ulizeni kuhusu ratiba fupi. Kwa saratani ya titi Uingereza walithibitisha kwamba dozi ya grei 40 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 15 inatosha badala ya grei 50 kwa vipindi 25, na ngozi haiumii sana kama kwenye ratiba ndefu. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hata vipindi vitano ndani ya wiki moja vinafaa. Haimfai kila mtu, ila kuuliza ni haki.

Nimezungumzia kifua kwa sababu ndicho nilichokiuguza, lakini kwenye mabenchi yetu wengi ni wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Kwao ngozi inayoumia ni ya kinenani, sehemu za siri na kati ya makalio, na aibu inawanyamazisha. Mama mmoja jirani yetu wa benchi alikuwa akikaa upande upande kwa siku nyingi bila kumwambia yeyote, hata binti aliyemleta. Kwao inasaidia kukalia beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kujisafisha kwa maji baada ya haja badala ya karatasi, kujikausha kwa kugusagusa, kuvaa kanga bila chupi wakiwa nyumbani, na kutonyoa kwa wembe. Binti, mkwe, dada: ulizeni. Ulizeni mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, na kwa maneno ya wazi.

Halafu kile kilele. Shangazi alimaliza mionzi akiwa na furaha, ndugu wakataka apande basi la Songea kesho yake. Sista akatuzuia: ngozi ingeendelea kuharibika siku kadhaa mbele kabla ya kugeuka. Ikawa hivyo. Kwa yeyote anayelazimika kuondoka, afungashe bandeji za kutosha, chumvi, losheni, dawa za maumivu, namba ya simu ya kliniki, na barua fupi kwa mganga wa zahanati ya kwao ikieleza jeraha hili ni la nini, asije akalisugua kwa spiriti. Ngozi nyingi hupona ndani ya mwezi hivi.

Weusi hukawia zaidi, mwingine hauishi kabisa. Miezi au miaka baadaye eneo linaweza kukakamaa au kuonyesha vimishipa vidogo, na bega likawa zito. Mazoezi ya mkono yaendelee. Jua liendelee kukwepwa. Kuna na jambo moja la ajabu: mtu akipewa baadaye dawa fulani za saratani, kama doksorubisini au dosetakseli, ngozi iliyokwisha kupona huweza kuwaka upya palepale ilipopigwa mionzi. Kwa hiyo shangazi, kila akiingia kwa daktari mpya, hata akienda kwa ajili ya malaria tu, hutaja kwanza kwamba alipigwa mionzi, upande gani wa kifua, na mwaka gani.